Sosi ya saladi ya chupa: nyepesi lakini yenye ladha

Mtu akiamua kupunguza kalori, mara nyingi anakimbilia chupa iliyoandikwa mafuta sifuri, anamwagia majani yake, anaonja, basi, saladi inabaki kwenye bakuli na kesho yake hataki hata kuiona. Saladi haina kosa hapo jamani, ni ile chupa. Mimi saladi nala sana na sosi za dukani nimeonja nyingi, kwa hiyo naandika hapa ninachoangalia kabla sijalipa.

Geuza chupa kwanza. Mbele pale ni matangazo, nyuma ndo kuna ukweli, yaani orodha ya viungo, na viungo vinapangwa kwa uzito, kilicho kingi ndo kinatangulia. Sosi nyepesi nyingi zinaanza na maji na hilo halina shida, ishu ni kinachofuata. Ukiona maji, siki, halafu haradali au kitunguu saumu au maji ya limau, weka kwenye kapu. Ukiona maji, sukari, wanga, irudishe ilipokuwa. Mafuta yakitolewa lazima kitu kizibe pengo, na mara nyingi kinachoziba ni sukari, chumvi na wanga wa kuipa uzito, ndo maana nyingine zina utamu usioeleweka na zinateleza mdomoni kama uji.

Tena mafuta ndo yanabeba harufu ya viungo na kuifanya ikae mdomoni, kwa hiyo sosi ambayo ladha yake yote ilitegemea mafuta ukiyaondoa haibaki na kitu. Kwa hiyo mimi naenda kwenye zile ambazo ladha yake inatoka kwenye uchachu na ukali: za siki ya balsamiki (ile siki nyeusi ya zabibu yenye utamu kidogo), za haradali, za tangawizi na soya, za limau na majani ya viungo. Hizi hata mafuta yakiwa kidogo bado zinaongea. Zile nyeupe nzito za aina ya ranch na Caesar, toleo la mafuta sifuri sinunui kabisa, natafuta iliyopunguzwa mafuta tu au iliyotengenezwa kwa mtindi, maana mtindi una uchachu na uzito wake wenyewe.

Na mafuta kidogo usiyaogope. Ni kweli gramu moja ina kalori 9 wakati sukari ina 4, na kijiko kikubwa cha mafuta matupu kinafika kama kalori 120, ila mwili unahitaji mafuta kidogo ili ufyonze vizuri vitamini K na ile karotini (mwili unaigeuza vitamini A) ya kwenye karoti na majani ya kijani. Unakula majani yote hayo halafu unayanyima kitu kinachoyasaidia, kwa nini?

Kwenye namba, angalia kipimo kwanza. Lebo nyingi zinahesabu vijiko vikubwa viwili, kama mililita 30, na mkono ukishashika chupa unapita hapo bila hata kujua, hebu pima kwa kijiko siku moja uone. Kwa kipimo hicho mimi nataka isizidi kalori 60 hivi na sukari gramu 3. Chumvi ndo watu wanaisahau kabisa: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu (ile sehemu ya chumvi inayoandikwa kwenye lebo) kwa siku, na sosi yenye miligramu 300 kwa kipimo ni ya kawaida kabisa madukani, ukimwaga mara mbili ushakula karibu theluthi ya siku nzima kwa sosi peke yake.

Ukikuta chupa mafuta yamekaa juu na siki chini usidhani imeharibika, haijawekewa tu vitu vya kuishikanisha, itikise kwa nguvu kabla ya kumimina. Majani nayo yakaushe vizuri kwa kitambaa safi, yakiwa na maji sosi haishiki, inateremka yote chini ya bakuli na wewe unaongeza nyingine ukidhani haina ladha.

Kama ni aina mpya kwako nunua chupa ndogo kwanza. Na kama ushanunua na imepooza, mimina vijiko viwili pembeni, kamulia limau, saga pilipili manga, ponda punje ya kitunguu saumu, koroga uiache dakika 10 ndo uchanganye na majani.