Mnaopanga Kilimanjaro ya Aprili, nisikilizeni

Juzi mdogo wangu mmoja wa Tabata kaniandikia: "Shikamoo dada. Ofisini tumechanga, tunapanda Kilimanjaro Aprili maana bei iko chini. Buti za mtumba za Karume zitatosha?"

Marahaba. Buti zisizovuja zitakufaa, lakini hujaniuliza kwa nini bei iko chini. Machi hadi Mei ni masika. Msimu uleule unaojaza maji Jangwani, kule juu unashusha theluji.

Mimi nilipita njia ya Marangu. Za kambi za Mandara na Horombo niziruke. Tulitoka kambi ya mwisho, Kibo, mita 4,720, usiku wa manane, kwa sababu changarawe ikiganda ndipo inapitika. Theluji ilikuwa ikianguka tangu jioni. Tulipolipita pango la Hans Meyer njia haikuonekana tena. Mwongozaji alichomeka fimbo kabla ya kila hatua. Ikizama, anairudisha, anajaribu pembeni. Gilman's, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, mita 5,685, upepo ukawa hausemeki. Akanishika bega: "Dada, tunashuka." Nikashuka.

Dar nikapokelewa na "kumbe hukufika!" Mpaka leo kuna anayeniita Nusu Mlima. Inaniuma, sifichi. Ila mimi najua nilichokiona, na ningeshuka tena.

Kwa hiyo mwongozaji akisema shuka, shuka. Kichwa kikigonga na kutapika kukianza, usingoje aseme, shuka. Beba miwani myeusi ya kuziba pembeni: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza macho, hata kukiwa na mawingu. Glavu pea mbili, soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Maporomoko ya theluji hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hasa upepo ukiwa umerundika theluji mpya, kwa hiyo msikate njia ya mkato mteremkoni. Na mkishawishiwa kupita Western Breach, njia ya kupandia upande wa magharibi, kumbukeni Januari 2006: mawe yaliporomoka pale yakaua Wamarekani watatu. Barafu ndiyo inayoyashikilia mawe yale, ikiyeyuka, yanaachia. Jamani, mlima hauna haraka na mtu. Shukeni mkiambiwa.

Wewe wa Tabata, waombe wenzako msogeze safari hadi Agosti, na hela mtakayoongeza mnunue siku moja zaidi ya kuuzoea mwinuko. Wakikataa, waulize mapema, mbele ya wote, nani yuko tayari kugeuka njiani. Wakikaa kimya, dai mchango wako.