Maswali Yenu: Nani Hasa Hutunga Sheria?

Wabunge walidhibiti riba ya mikopo mwaka 2016. Mbona udhibiti ule ukaondolewa? (Nakuru)

Kwa sababu waliotaka uondoke hawakuchoka. Mswada wa Jude Njomo, aliyekuwa mbunge wa Kiambu Mjini, ulizuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Rais Uhuru Kenyatta aliutia saini Agosti 2016, ingawa benki zilipinga na Benki Kuu pia ilipinga. Benki zikabana mikopo ya wafanyabiashara wadogo, zikapeleka pesa kwenye dhamana za serikali, yaani kuikopesha serikali, kisha zikalalamika kwamba sheria imekausha mikopo. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo likasukuma kikomo kiondolewe. Hazina ya Kitaifa ilipendekeza hivyo 2018, Bunge likakataa. Ikarudi 2019, Bunge likakataa tena. Ndipo Rais akaurudisha Bungeni Mswada wa Fedha, ule wa kodi za kila mwaka, bila saini, akitaka kikomo kifutwe. Kumpinga kulihitaji thuluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349, na siku ya kura hawakutimia. Novemba 2019 kikomo kikafutwa.

Sisemi kikomo kilikuwa kizuri, wadogo kiliwaumiza. Nasema benki, Hazina na Benki Kuu walizungumza kwa miaka mitatu, na mkopaji hakuwa na mtu wa kumsemea. Muulize mbunge wako alikuwa wapi siku ile ya kura.

Si wote wamehongwa tu? (Mombasa)

Swali hili linaletwa kila bajeti, na limetufanya wavivu. Hongo ipo, ishitakiwe. Lakini mbunge aliyekabidhiwa mswada mnene wa kodi anahitaji mtu wa kumweleza, na wenye maelezo tayari ni afisa wa wizara na mtaalamu wa chama cha wafanyabiashara. Hao wawili wanajuana kwa miaka. Afisa anaihitaji kamati impitishie bajeti, kamati inamhitaji afisa kwa takwimu na miradi ya jimboni, kampuni inawahitaji wote. Hapo bahasha hata haihitajiki. Na afisa anayestaafu leo, kesho akaajiriwa na kampuni aliyokuwa akiisimamia, ananitia hofu kuliko mbunge mpiga kelele.

Ushirikishaji wa umma una faida gani ikiwa hawasikii? (Eldoret)

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi, hakiwalazimishi wabunge kukubali. Vyama vya wenye viwanda hufika na waraka: futeni kifungu hiki, andikeni hivi. Sisi hufika na manung'uniko, au hatufiki. Mwaka 2024 kamati ya Bunge iliondoa baadhi ya kodi kwenye Mswada wa Fedha, ikiwemo ile ya mkate, lakini mswada ukapita Juni 25. Vijana walioandamana kuupinga waliuawa barabarani ndipo Rais Ruto akakataa kuutia saini siku iliyofuata. Nchi isisubiri tena damu ili kamati isikie.

Sheria ikishapita, mambo yamekwisha? (Kisumu)

Yanaanza. Ada, leseni na faini huandikwa na wizara katika kanuni, na huko ndiko kampuni kubwa hutuma mawakili wao. Sheria ya mwaka 2013 inataka kanuni ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu zichapishwe, la sivyo zinabatilika. Someni Gazeti la Serikali, ndiko kanuni huchapishwa.

Naweza kupeleka ombi Bungeni peke yangu? (Voi)

Ndiyo, Kifungu cha 119. Taja kifungu cha sheria unachotaka kibadilishwe na maneno unayotaka yawekwe, kisha baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.