Halloween ya Watoto Watatu kwa Dola 22

Mwaka wetu wa kwanza hapa Des Moines, Iowa, niliingia duka kubwa siku mbili kabla ya shughuli, watoto watatu wakiwa wameshika mkokoteni, nikatoka na risiti ya dola 118. Mavazi matatu ya nailoni, ndoo tatu za plastiki, utando bandia wa buibui. Bili ya umeme ilikuwa mezani haijalipwa. Vazi la binti yangu lilichanika kwapani kabla hatujamaliza mtaa wa kwanza, na usiku ule, watoto walipolala, nilikaa jikoni nikalia. Mwaka jana tulitumia dola 22, na watoto bado wanausimulia usiku huo.

Kwa mliofika Marekani juzi: jioni ya Halloween watoto hujigeuza kwa mavazi, wakapita nyumba hadi nyumba kuomba pipi. Taa ya barazani ikiwaka, gonga. Ikiwa imezimwa, pita, usiwasumbue. Des Moines ina desturi yake. Huku huitwa Beggars' Night, Usiku wa Ombaomba, na kwa miaka mingi ulifanyika tarehe 30 Oktoba, si 31, siku ya Halloween yenyewe. Tarehe huweza kusogezwa, kwa hiyo soma tangazo la mji kila mwaka. Na hapa mtoto hapewi pipi hivi hivi. Anatakiwa kwanza aseme kichekesho.

Vichekesho vyao sikuvijua. Nikawafundisha wanangu vitendawili nilivyotegewa na bibi yangu Ujiji, wakavigeuza wenyewe kwa Kiingereza. Mdogo, wa miaka sita, alisimama mbele ya mzee mmoja mwenye fimbo akamwambia, "Kila niendapo ananifuata." Mzee akageuka kutazama nyuma yake. Akafikiri. Akamwita mkewe, naye akafikiri. Mtoto alipowaonyesha kivuli chake ukutani, mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, kisha akamwinamishia bakuli lote achague. Hicho hakikunigharimu hata senti, nami nakiweka mbele ya vazi lolote la dukani.

Sasa mavazi. Anza na maboksi. Boksi kubwa la pampasi, nililoomba kwa jirani yetu Mkongomani, nililikata juu na chini likawa daladala. Sahani za karatasi ndizo magurudumu, foili ya jikoni ndiyo taa, na mikanda ya begi bovu la shule ikashika mabegani. Ubavuni tuliandika KIGOMA – UJIJI kwa rangi. Kijana wangu alipita mtaa mzima akipiga kelele za konda, na watoto wa Kirundi wa jengo letu wakajipanga nyuma yake kama abiria. Rangi na selotepu vilikula dola 6. Ile foili pia hung'aa taa za magari zikimpiga, jambo muhimu sana gizani. Binti alipata gauni jeusi la dola 3 kwenye duka la mitumba. Nendeni mitumba mapema, mwanzoni mwa Oktoba, maana wiki ya mwisho hubaki matambara. Ulizeni pia maktaba ya mtaa wenu, kwani baadhi huandaa siku ya kubadilishana mavazi.

Baridi msiidharau. Nimeona mama amemvalisha mwanawe vazi jepesi la dukani, kisha akalazimika kulifunika lote kwa koti. Boksi huvaliwa juu ya koti, na gauni la mitumba nunua saizi moja zaidi ili sweta mbili ziingie ndani. Mfuko wa pipi ni foronya: haipasuki, na kesho yake unaifua.

Boga tulinunua moja, dola 5, lakini hatukulichonga. Likichongwa huoza ndani ya siku chache, na inaniuma kutupa chakula. Tulikata macho na meno ya karatasi tukayabandika kwa selotepu. Asubuhi nilibandua, nikamenya, nikalipika kwa tui la nazi, hiliki na sukari kidogo. Chagua yale madogo yanayouzwa kwa ajili ya kuoka. Makubwa ya kuchonga yana maji mengi na nyuzinyuzi. Mbegu zikaange na chumvi.

Dola 8 zilizobaki zilinunua pipi za kugawa mlangoni kwetu. Baba yao ndiye aliyebaki nyumbani, naye alimpa kila mtoto pipi mbili, si konzi. Zilipokwisha alizima taa.

Najua wapo wenzetu wasiotaka kabisa habari hizi kwa sababu ya dini, nami nawaheshimu. Sisi hatuvai mafuvu wala mashetani, na hilo tuliwaeleza watoto mapema, kabla hawajaona chochote dukani.

Mwaka huu mdogo anataka kuwa nanasi. Jirani ameshaniwekea boksi, na nimemfundisha cha kusema mlangoni: kuku wangu ametagia mibani.