Nilikuwa nautumia wasiwasi kama daftari

Kwa miaka mingi niliamka saa tisa usiku, baridi ya Uyole ikipenya blanketi, nikihesabu nguo za watu. Gauni la kipaimara nimeshalikata? Vipimo vya mama wa Isyesye niliviandika wapi? Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kushona najua, kumaliza ndiko kulikonishinda. Naanza sketi, nakumbuka zipu, natoka kununua zipu, narudi na lesi.

Nilikwenda hospitali kwa ajili ya usingizi, nikaelekezwa kwa mwanasaikolojia. Alinihoji sana kuhusu utoto wangu, maana alishuku ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza akili na kumaliza jambo, nayo haiibuki ukubwani. Dalili zake huwa zimeanza kuonekana kabla ya miaka 12. Nikakumbuka madaftari yangu ya shule ya msingi yaliyoandikwa “mzembe” kwa kalamu nyekundu. Nililia palepale.

Akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona: nilikuwa nakumbuka kwa kujitisha. Kichwa hakishiki, basi nahofia kutwa nzima ili nisisahau. Ndiyo maana kuambiwa “acha mawazo” hakukunisaidia kamwe. Nikiacha kuhofia, nguo ya mtu inasahaulika kweli.

Kwa hiyo tulianza na kumbukumbu. Kila kitambaa kinachoingia nakibania karatasi kwa pini: jina, vipimo, siku ya kuchukuliwa. Mezani kinakaa kimoja tu. Fundi mwenzangu tumegeuza vyerehani vyetu vitazamane. Akishona yeye, nami natulia nashona. Hilo limenisaidia kuliko yote.

Wasiwasi nao nimeupa saa yake, kumi na moja jioni, dakika 20. Ukija asubuhi nauandika mstari mmoja, naendelea na kazi. Jioni nausoma: kuna la kufanya? Likiwepo, nalipangia siku. Lisipokuwepo, nalikata kwa kalamu. Wiki za mwanzo ilikuwa shida, usiache mapema.

Mama mkubwa alitaka nikaombewe. Nilikwenda kwa moyo wote, na kliniki sikuacha. Dawa zipo pia, ila hizo ni za kuandikiwa na daktari, usimeze za mwenzio.

Nawe ukienda, usiseme usingizi tu kama nilivyosema mimi. Eleza kazi unazoziacha katikati, na tangu lini. Kama kuna shangazi au kaka anayeukumbuka utoto wako, mwombe mwende wote.