Derivativu ya pili inayorukaruka: chunguza duru za Newton

Ndugu yetu ameuliza kwa nini derivativu (kasi ya badiliko) ya kwanza ya programu yake ya uigaji hutoka vizuri, ilhali ya pili hurukaruka kila anapobadilisha ukubwa wa hatua. Shida hiyo niliipata hapa Goma, nilipokuwa naandika programu ya kuiga jinsi inavyopoa lava kama ile ya volkano ya Nyiragongo iliyoingia katikati ya mji wetu tarehe 17 Januari 2002.

Njia ya kutoa thamani zilizo jirani na kugawanya kwa mraba wa hatua, iache. Kompyuta hubeba tarakimu 16 hivi. Hatua ikiwa ndogo mno, kosa la tarakimu za mwisho huvimba, ikiwa kubwa, makadirio yenyewe hupotoka, na hata hatua iliyo bora hukuachia takriban tarakimu 8 za kuaminika.

Derivativu za kiotomatiki hufanya kazi kwa namna nyingine: kila kibadilika hubeba mfululizo mfupi wa Taylor, yaani thamani yenyewe pamoja na vipeo vya badiliko dogo t (si muda), badala ya namba moja. Weka x = 2 + t, uipandishe kwa kipeo cha 3, upate 8 + 12t + 6t² + t³. Zidisha koefisienti ya t², yaani 6, kwa 2: jibu, 12, ndilo derivativu ya pili kamili. Fomula za programu hubaki zilivyo. Kinachobadilika ni maana ya kujumlisha, kuzidisha na kadhalika.

Hata hivyo, mimi nilinaswa baada ya hapo. Uso wa lava hupoteza joto kwa mnururisho, kwa hiyo mlinganyo wake una T⁴ (T ni joto), nami niliutatua kwa mbinu ya Newton, inayokisia jibu kisha kulisahihisha duru baada ya duru, katika kila hatua ya muda, nikianzia jibu la hatua iliyotangulia. Lava ilipoanza kupoa polepole, jibu hilo la zamani lilikuwa karibu mno na jipya, hivyo mzunguko ulikatika baada ya duru moja tu: joto lilikuwa sahihi, lakini koefisienti ya t² ilikuwa haijatulia, na kosa lake likarithiwa na hatua zote zilizofuata. Nililiona siku nilipochapisha koefisienti zote tatu katika kila duru. Tangu hapo, joto likishatulia huongeza duru mbili: ya kwanza hurekebisha t, ya pili hurekebisha t².

Kwa hiyo, ndugu, ukishahamia kwenye mfululizo wa Taylor, zichapishe koefisienti hizo hivyo hivyo, na sharti la kusimamisha mzunguko lizipime zote, si joto peke yake.