Damu ya Duncan imwagike wapi?

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama Mfalme Duncan auawe jukwaani, ili wanafunzi wako wauone ukatili wa tamaa ya ufalme. Hapana. Katika tamthilia ya Macbeth, Shakespeare amekificha kifo hicho makusudi. Tunachoonyeshwa ni mikono.

Damu nyingi mpake yule askari majeruhi wa mwanzoni, huyo mloweshe. Anasimulia jemadari Macbeth alivyompasua mwasi Macdonwald toka kitovuni hadi tayani, na mfalme anasifu. Damu ile inampatia mtu cheo. Ukiibania, hakuna atakayeshtuka mkono huohuo ukimchoma Duncan, mzee aliyelala, mgeni wake na ndugu yake. Donalbain, mtoto wa marehemu, analiona hilo upesi: aliye karibu kwa damu ndiye aliye karibu kuimwaga. Kwa Kiswahili neno hilo halihitaji hata kufafanuliwa.

Baada ya mauaji Macbeth anatoka na majambia ya walinzi wa mfalme, ambayo alipaswa kuyaacha humo ndani. Waigizaji wengi hulipita kosa hili mbio. Lisimamishe, maana ndilo linalomrudisha mkewe chumbani kuwapaka walinzi damu ili washukiwe wao, naye akatoka na mikono myekundu kama ya mumewe. Mume anaona bahari nzima haitamtakasa. Mke anasema maji kidogo yanatosha.

Damu ya kuigiza: kikombe cha shira nzito, rangi nyekundu ya chakula, na nusu kijiko cha chai cha kakao iliyokorogwa kwanza kwa maji ya vuguvugu isifanye madonge. Bila kakao itang'aa kama sharubati. Shira hunata, kwa hiyo weka beseni na taulo nyuma ya pazia. Na usimwondoe bawabu mlevi mchezoni, hata kama mizaha yake inakuchosha: anapojikokota kwenda kufungua mlango, Macbeth ananawa.

Mke anapotembea usingizini, mikono yake iwe safi na mikavu. Taa nyekundu usiwashe. Daktari na mjakazi hawaoni doa lolote, nasi tusilione. Anasugua ngozi tupu, akishangaa kumbe mzee yule alikuwa na damu nyingi hivyo.

Mwishoni Macduff, kabaila aliyemuua Macbeth, analeta kichwa chake. Kifunike kitambaa chenye doa moja. Kichwa cha Macdonwald nacho kilitundikwa ngomeni, kwa hiyo askari washangilie kwa sauti ileile ya mwanzo.

Mama yako