Jibu: Wachezaji wa nyuma kuonekana wanachelewa mdundo

Mkuu, umeuliza mbona kwenye mazoezi ya ngoma ufukweni Bagamoyo mstari wa mwisho wa wachezaji unaonekana kuchelewa, ilhali ukiwasogelea wako sawa. Si uzembe wao. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 34 kutoka kwenye ngoma huisikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Wewe umekaa ubavuni mwa mpigaji: umeshasikia pigo, mguu bado haujatua. Hapo ndipo ubongo hausamehe. Kwenye vipimo vya televisheni, sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi watu hugundua; ikichelewa hawagundui hadi karibu 125.

Sogeza ngoma katikati ya uwanja, isiwe zaidi ya mita 10 kutoka kwa yeyote. Ikishindikana, wa nyuma wafuate mkono wa mpigaji unavyoshuka, wasisubiri mlio. Kwa mdundo sikio hulishinda jicho, lakini jicho hufanya vizuri zaidi likifuata kitu kinachotembea kuliko taa ya kuwaka na kuzima. Kama mnatumia spika ya Bluetooth, weka waya, maana inachelewesha yenyewe.

Na kabla ya hatua, wadundishe magoti kwanza. Mwili nao hufundisha sikio: mwaka 2005 watafiti Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor walionyesha kuwa watoto wa miezi 7 waliorushwarushwa kila pigo la pili, au la tatu, baadaye walipendelea kusikiliza mdundo wenye mkazo kwenye mapigo yaleyale.